Jibu: Aliandikwa "Hungaria", je, alikuwa Mhungaria?

Dada, umeuliza kama wanao wana asili ya Kihungaria, kwa kuwa babu ya baba yao aliingia Marekani mwaka 1907 akitokea Hungaria. Usiharakishe. Hungaria ile ilikuwa na Waslovakia, Waromania, Wajerumani na Wayahudi wengi. Mkataba wa Trianon wa 1920, wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ndio ulioipunguzia takriban theluthi mbili ya ardhi. Tafuta orodha ya abiria wa meli yake: tangu 1903 ilikuwa na safu ya kabila, mbali na ya nchi. Ikiwa "Magyar", yaani Mhungaria kwa kabila, umepata. Sensa ya Marekani ya 1910 nayo iliuliza lugha ya mama, iangalie sana. Uraia wa Hungaria ni jambo jingine: sheria ya huko ya 2010 haiulizi kabila, inataka uthibitisho wa ukoo na mwombaji azungumze Kihungaria. Waanze kujifunza mapema.