Jibu: Commodore 64 ya mzee, niiwashe au nitumie emuleta?

Habari ndugu. Umeuliza uiwashe Commodore 64 ya mzee, ile kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, uliyoikuta stoo pale Area C, au utosheke na emuleta, yaani programu inayoiga mashine hiyo kwenye kompyuta ya kisasa. Tafadhali usiichomeke kwanza! Anza na adapta yake: ikichakaa, ile laini ya volti 5 hupanda na kuunguza chipu za memori. Ipime kwa multimita ikiwa baridi, iache ipate moto, upime tena, ikivuka 5.2, tafuta nyingine. Kisha ifungue uitoe vumbi, maana hili letu la Dodoma hujaa hadi chini ya vitufe.

Kwa sasa pakua emuleta iitwayo VICE, ni ya bure, ujifunze humo BASIC, lugha ya kuandikia programu. Mimi programu naandikia VICE, ila michezo nacheza kwenye mashine yenyewe na TV ya chogo: ukibonyeza, inajibu papo hapo.