Sampuli inabanduka kwenye nondo ya Kolsky

Ndugu, nimekuelewa: sampuli yako, lile bomba dogo, inabanduka kwenye gundi ya epoksi inayoishika kwenye nondo ya Kolsky (mtambo unaosokota sampuli ghafla kwa wimbi linalopita kwenye nondo ndefu) kabla haijakatika, na grafu inakudanganya kwamba chuma ndicho kimelegea. Limenikuta hilo.

Kabla ya kufyatua mtambo, chora mstari mwembamba kwa sindano, uvuke kutoka kwenye nondo hadi kwenye flanji ya sampuli (ule ukingo mpana wa mwisho unaopakwa gundi). Ukivunjika baada ya jaribio, gundi imeteleza; tupa data hiyo.

Usikimbilie gundi ya bei mbaya. Angalia umbo kwanza. Uwezo wa gundi kuhimili msokoto hukua kwa kipenyo cha flanji kipeo cha 3, kwa hiyo ukiongeza kipenyo kwa robo tu, uwezo unakaribia kuwa maradufu. Ukuta wa sampuli nao ukipunguzwa unene kwa nusu, mzigo unaofika kwenye gundi hushuka karibu nusu. Mimi ningeanza na hapo.

Usafi: piga msasa nyuso zote mbili, futa kwa asetoni, kisha usiguse tena hata kwa kidole. Gundi iwe nyembamba, na iache ikauke muda wote ulioandikwa kwenye kopo (haraka ndiyo iliyoniponza).

Kwa majaribio ya joto kali epoksi hulainika. Tumia flanji za pembesita zinazoingia kwenye tundu la umbo hilohilo kwenye nondo bila kucheza, maana uwazi wowote huvuruga mwanzo wa wimbi.

Vaa miwani: pini ya klampu (kibano kinachoshikilia msokoto kwenye nondo hadi ufyatuliwe) ikikatika, hurusha vipande. Klampu ikiwa na ufa, mwite fundi wa maabara.