Kuku wa kujaza kwa mwenye presha: chumvi ipungue, ladha ibaki

SWALI: Habari za kazi, mpishi. Mama mkwe wangu ana presha na daktari amemwambia apunguze chumvi. Sikukuu hii tutakuwa watu wanane mezani, na mimi ndiye nitakayepika kuku wa kujaza: mkate, vitunguu, seleri, soseji, siagi na supu ya pakiti. Mara iliyopita sikuweka chumvi kabisa. Mjazo ukawa kama karatasi iliyoloana, na mama akaula kwa heshima tu. Nifanye nini ladha irudi? Na ile chumvi mbadala wanayouziwa watu wa presha, niitumie?

JIBU: Dada, uliitoa chumvi isiyo na hatia ukaiacha yenye kesi. Hebu tupige hesabu ya vitu ulivyovitaja, kwa kipimo cha watu wanane. Mkate wa kununua wa gramu 500 huwa na sodiamu (ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha) miligramu 2,300 hivi. Vikombe viwili vya supu ya pakiti vinaongeza kama 1,600. Soseji gramu 250, karibu 1,800. Siagi yenye chumvi, gramu 115, haiko mbali na 700. Hapo hujagusa kopo la chumvi, na tayari umefika miligramu 6,400, yaani 800 kwa kila sahani. Nusu kijiko cha chai cha chumvi uliyoiacha ina kama 1,150 tu kwa sufuria nzima. Viwango hivi hupanda na kushuka kulingana na mtengenezaji, lakini picha haibadiliki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi, kama kijiko kimoja cha chai. Sahani ya mama ilikula karibu nusu ya posho hiyo, na bado alipoonja hakukuta chumvi, kwa sababu ilikuwa imejificha ndani ya mkate na soseji.

Kwa hiyo mimi ningeanza upande wa pili: punguza sodiamu kwenye vitu vyenyewe, halafu ile nusu kijiko uirudishe kwa mkono wako, mahali ulimi utakapoikuta.

Mkate ndio wa kwanza. Ukiweza, oka wako bila chumvi. Angalia tu kwamba unga usio na chumvi huumuka haraka, kwani chumvi ndiyo inayoizuia hamira isiende mbio. Punguza hamira kidogo na usiuache unga mpaka uporomoke. Mkate huo ukiula mtupu utakuwa chapwa, lakini hapa hauliwi mtupu. Ukate vipande vya sentimita mbili, uutandaze kwenye trei na kuuweka kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 30 hadi 40, ukiugeuza, mpaka ukauke na kupata rangi ya dhahabu. Rangi hiyo ni ladha unayoipata bure. Mkate uliolala tu mezani haufanyi kazi ile ile: umekuwa mgumu, ila unyevu mwingi bado umo ndani, na ukiutia supu unageuka uji. Kama huna nafasi ya kuoka, soma lebo za mikate na uchukue wenye sodiamu ndogo kwa gramu 100. Jihadhari na mikate inayoumuliwa kwa bekingi poda au baikabonati. Hiyo ina sodiamu hata pale mwokaji anapoapa kwamba hakutia chumvi.

Supu ndiyo ningeitolea jasho zaidi kuliko kitu kingine chochote, maana mkate huo mkavu utainywa yote. Chukua mabawa, shingo na mifupa ya kuku, uvichome kwenye oveni pamoja na kitunguu na karoti mpaka viwe vya kahawia. Vitie kwenye sufuria ya maji pamoja na jani la bay (bay leaf) na kiganja cha uyoga mkavu, vichemke taratibu kwa saa mbili, uchuje. Kisha irudishe supu motoni uipunguze mpaka ibaki nusu. Hatua hii huwezi kuifanya kwa supu ya pakiti, kwa sababu kadiri maji yanavyopungua ndivyo chumvi inavyokolea, mwishowe haionjeki. Supu isiyo na chumvi inakolea nyama peke yake. Uyoga mkavu nao una ule utamu mzito kama wa nyama unaoufanya ulimi usiidai chumvi sana, kwa hiyo usiuache. Uyoga wenyewe ukishalainika ukatekate, utaingia kwenye mjazo.

Ukilazimika kununua supu, usiridhike na maandishi ya mbele ya pakiti. Maneno "sodiamu imepunguzwa" yanaweza kumaanisha imepungua robo tu ya ile ya zamani, na robo tatu zimebaki. Tafuta iliyoandikwa haikuongezwa chumvi, kisha ugeuze pakiti usome namba. Vile vipande vya mchemraba viache kabisa, kwani sehemu kubwa ya kile kipande ni chumvi.

Soseji ibadilishe kwa nyama ya kusaga isiyotiwa chochote. Kinachoifanya soseji iwe soseji, mbali na chumvi, ni viungo vyake: ponda mbegu za shamari kijiko cha chai, pilipili manga nyingi kuliko ulivyozoea, kitunguu saumu na pilipili kavu kidogo. Changanya na nyama, iache kwenye friji usiku kucha, kisha uikaange kwa moto mkali bila kuikorogakoroga ili ishike rangi. Nyama inayochemka kwenye maji yake haina la kukusaidia.

Kwenye mafuta yaliyobaki ongeza siagi isiyo na chumvi, utie vitunguu maji. Hapa wengi hukosea kwa haraka. Vitunguu vya dakika tano vimelainika tu; unataka vya dakika 20 hadi 25, vya kahawia na vitamu. Vikianza kushika chini, nyunyiza kijiko cha maji ukwangue. Seleri iingie katikati (ina sodiamu yake ya asili, ila ni kidogo, usiihofu), na mwishoni kabisa seji, thaimu na rozimari. Majani haya yapate dakika moja ndani ya siagi ya moto, kwa kuwa harufu yake huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ukiyanyunyizia juu ya mkate mkavu umeyapoteza.

Changanya vyote na mkate, mimina supu ya vuguvugu kidogo kidogo. Sasa onja, kabla hujatia mayai mabichi. Kama ladha inaonekana kulala, usikimbilie chumvi: kamua limau nusu, ukwangue na ganda lake, au ongeza tufaha chachu lililokatwa vipande vidogo. Uchachu huifanya chumvi kidogo ionekane nyingi. Ndipo upime nusu kijiko cha chai cha chumvi, kama gramu 3, uigawe: theluthi mbili ndani ya mchanganyiko pamoja na mayai mawili, theluthi moja uiweke kando ya kunyunyizia juu mjazo ukitoka kwenye oveni. Chembe zilizo juu ya gamba ndizo ulimi unazozigusa kwanza.

Tukirudi kwenye hesabu: mkate usio na chumvi, nyama, mayai mawili, seleri na supu yako havizidi sana miligramu 600 kwa jumla. Ongeza 1,150 za chumvi uliyoipima, ugawe kwa wanane, unapata kama 220 kwa sahani, na chumvi inasikika. Ukitumia mkate wa kawaida wa kununua, chumvi usiiongeze. Utakuwa kwenye 360 hivi.

Ushauri wangu ni kuuoka mjazo kwenye bakuli lake, si tumboni mwa kuku. Gamba la juu linakauka vizuri, na zaidi ya hapo kuku au bata mzinga wengi wa kununua wamedungwa maji ya chumvi, nayo hutiririkia kwenye mkate. Ukisisitiza kumjaza, mjaze pale tu anapoingia kwenye oveni, na uchomeke kipimajoto katikati ya mjazo wenyewe: lazima ufike nyuzi 74, hata kama nyama ya kuku imeiva zamani. Mabaki yaingie friji ndani ya muda wa saa mbili. Na mchuzi mzito wa kumwagia mezani uutengeneze kwa supu ile ile, la sivyo kazi yote hii inaishia kwenye bakuli la mchuzi.

Kuhusu chumvi mbadala: usimpe mama kabla daktari wake hajasema. Nyingi kati ya hizo zina kloridi ya potasiamu. Kwa mwenye figo dhaifu, au anayetumia baadhi ya dawa za presha zinazozuia potasiamu isitoke mwilini, potasiamu inaweza kupanda damuni mpaka ikavuruga mapigo ya moyo. Peleka jina la dawa anazotumia na pakiti ya chumvi yenyewe, uulize. Hata akiruhusu, ianze kwa kiasi kidogo, kwa sababu ikizidi huacha uchungu unaofanana na chuma mdomoni, na uchungu huo limau haliufichi.