Rejeta za Leeds na bati la mama

Kamwene, mdogo wangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unasema huko Njombe imeenea kwamba nimenunua jumba lenye joto ukutani, na shangazi anauliza inakuwaje hela ya bati la kuezekea nyumba ya mama imesimama wakati mimi huku Leeds, Uingereza, nawaza kubadilisha rejeta, vile vyuma vya kupasha nyumba joto. Wasomee hii wote, shangazi akiwepo.

Nyumba ni ya mkopo wa miaka 25. Nikikosa kulipa, benki inaichukua. Rejeta zake ni za chuma, kuukuu, zimefungwa chini ya madirisha. Boila ya gesi inapasha maji moto, pampu inayasukuma mpaka kwenye rejeta, yakipoa yanarudi kupashwa tena. Hiyo gesi nailipia, na kikomo cha bei yake kinapangwa upya kila miezi 3.

Rejeta ya sebuleni ilikuwa ya moto juu, chini baridi. Fundi aliyekuja hakuigusa hata kwa kidole. Alipita vyumbani akihesabu, akasema ng'oa zote. Moja pamoja na ufundi inaweza kufika pauni 300, karibu milioni 1 ya kwetu. Zidisha kwa vyumba uone bati la mama linakoishia.

Nimekataa. Rejeta ikiwa baridi juu, ina hewa: unalegeza skrubu ndogo ya pembeni kwa ufunguo wake, inafoka, maji yakianza kutoka unakaza. Ikiwa baridi chini, ni tope. Maji yanakula chuma kwa ndani, kutu nyeusi inatuama. Yangu ilitema maji meusi kama ya kuoshea sufuria ya kuni. Hapo unasafisha mabomba yote na kutia dawa ya kuzuia kutu, kwa sababu rejeta mpya ukiifunga kwenye maji machafu yale yale, nayo itaziba. Tena boila ikiwa ile ile, bili haishuki kwa maana. Nabadilisha moja tu, ya chumba cha watoto, imetoboka. Nyingine zitasubiri siku nitakayoweka pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje badala ya boila. Ile maji yake si ya moto sana, hutaka rejeta kubwa.

Sasa mama. Naijua Julai ya Njombe. Kuna usiku nakaa hapa na fulana tu, nikimkumbuka amejifunika khanga juu ya sweta, naona aibu, chakula hakipiti. Na nasikia analala na jiko la mkaa ndani, mlango umefungwa. Litoeni leo! Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, inaua mtu usingizini. Bati linaweza kungoja, hilo haliwezi.

Na wewe unayeuliza habari za kuja: usije. Usiuze shamba la parachichi umpe wakala hela, hata akikuonyesha picha za ndege. Desemba huku saa kumi jioni giza linaingia, na bosi hajali umelala au hukulala. Lakini ukipata mkataba wa kazi wa kweli wenye viza, njoo hata kesho, chumba kipo na kina joto.

Mwisho wa mwezi natuma nusu ya bati. Mbao msikope dukani kwa jina langu. Ya blanketi naituma jioni hii. Mnunulie lile zito, na usimwachie shangazi achague.