Kideri hakijaletwa na ndege wa Mzee

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Nzuguni, hapa Dodoma. Baba yangu alipata kiharusi mwaka jana, na tangu arudi nyumbani asubuhi zake anazimaliza kibarazani akitazama ndege. Tumemwekea beseni la maji chini ya mwarobaini, naye hurusha konzi moja ya uwele kila siku. Ana daftari anamoandika waliokuja. Wiki iliyopita kuku wa jirani walikufa karibu wote, kinyesi cha kijani, shingo zimepinda. Jirani anasema ni kideri na kimeletwa na ndege wa baba. Muuza dawa za mifugo amenishauri nitie antibiotiki ya OTC kwenye beseni la ndege na niwanyweshe pia kuku wangu 12 kama kinga. Mwingine anasema niweke sumu kwenye uwele siku moja tu, yaishe. Baba hataki kusikia habari ya kuondoa beseni. Nifanye nini? Halafu anauliza: yule ndege wa mgongo wa buluu unaong'aa, kichwa cheusi na tumbo la rangi ya kutu anaitwa nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe Mzee pole na umwambie beseni linabaki. Nitakueleza namna ya kuliweka, lakini kwanza nataka tuondoe hilo la ndege kuleta kideri, maana kila mwaka joto linapopanda kabla ya mvua za Desemba simu yangu hailali kwa sababu yake. Kuku wanakufa, watu wanatazama juu ya mti, wanamwona mnana au tetere, basi kesi imekwisha. Hakuna anayetazama langoni.

Muulize jirani yako maswali haya kwa upole. Je, ndani ya wiki mbili kabla ya vifo alinunua kuku mnadani? Aliletewa jogoo na mgeni kutoka kijijini? Alinunua kuku wa bei nafuu, akamchinja, matumbo na manyoya akayatupa nyuma ya banda? Kuna mchuuzi alipita na tenga la kuku kwenye baiskeli na kulitua uani? Katika kesi nilizozifuatilia kwa miaka yangu ya kazi, mara nyingi jibu la moja kati ya hayo ni ndiyo. Kuku hai anayehamishwa, mzoga, kinyesi kilichoganda kwenye tenga, kwenye kiatu, kwenye tairi: hizo ndizo njia kuu za kirusi cha kideri. Na lipo jambo linaloniumiza kuliko yote. Mfugaji akiona kuku wawili wameanza kuzubaa, anawakimbiza wengine wote sokoni kabla hawajafa. Anaokoa shilingi zake na kugawa ugonjwa kata nzima. Kesho yake lawama inamwangukia mnana.

Hata historia ya ugonjwa wenyewe inasema hivyo. Ulitambuliwa mwaka 1926 kisiwani Java, Indonesia, na mwaka huohuo Newcastle, Uingereza, mji ulioupa jina lake la kitaalamu. Sehemu hizo mbili ziko mbalimbali mno, na kilichokuwa kikiziunganisha wakati ule ni meli za biashara.

Sisemi ndege wa mwitu hawaugui. Njiwa na jamaa zake tetere wanaweza kupata virusi vya ukoo huo, na ndege yeyote anaweza kubeba uchafu miguuni akitoka banda moja kwenda jingine. Kwa hiyo usiwaache kuku wako wanywe kwenye beseni la Mzee wala wadonoe uwele wake. Hilo ni jambo la kutenganisha vyombo. Linamalizika kwa tofali nne na kipande cha wavu.

Sasa hiyo OTC. Huyo muuza dawa amekuuzia maneno. OTC, yaani oxytetracycline, ni dawa ya bakteria. Kideri ni kirusi. Hata ungemwaga gunia zima kwenye beseni, kirusi hakiguswi. Tena dawa hiyo ikikaa juani inaharibika, na maji magumu kama haya yetu ya visimani yana madini yanayoikamata ikashindwa kufanya hata kazi yake halali. Tetere anakunywa matone machache na kuondoka, chozi anaoga tu. Nani atapima kipimo hapo? Unachopata ni maji machungu yenye rangi, na ndege wanaohama kwenda kwa jirani.

Kuna baba mmoja alinijia na mfuko wa nailoni una pakiti nne za dawa, kila moja kutoka duka tofauti. Kuku wake 60 walikuwa wamebaki 7. Kila alipokwenda dukani na kusema bado wanakufa, aliongezewa pakiti nyingine. Hakuna hata muuzaji mmoja aliyemuuliza kama alichanja. Nilikasirika, na mpaka leo nikikumbuka ule mfuko nakasirika. Mwingine atakuambia usage alovera, pilipili kichaa na majivu. Kuku akipona, anatangaza kwamba ametibu kideri. Kuku huyo pengine alikuwa na mafua tu, au ni mmoja wa wachache ambao mwili wao ulishinda wenyewe. Kideri kikishaingia kwenye kundi lisilochanjwa kinaweza kumaliza karibu wote, na dawa ya kukitibu haipo. Haipo dukani, haipo porini.

Kilichopo ni chanjo. Kwa kuku wa kienyeji tunatumia ile ya matone iitwayo I-2, inayostahimili joto kuliko zile za zamani. Tone moja kwenye jicho moja, kifaranga kwa jogoo, na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina dozi za kuku wengi, kwa hiyo unganeni majirani mchanje siku moja. Kuku wako 12 wakiwa bado wazima, wachanje leo na uwafungie wasitoke kwa wiki mbili hivi, maana kinga haipatikani siku hiyohiyo. Ukiona mmoja amezubaa, mtenge kwanza, umwite ofisa mifugo wa kata. Wa jirani waliokufa wafukiwe shimo refu au wachomwe. Wasitupwe korongoni, wala mbwa asipewe.

Kinachonikera zaidi kuhusu hiyo dawa ni kwamba madhara yake hayaishii bandani. Kuku anayenyweshwa OTC "kama kinga" anataga yai lenye mabaki ya dawa, na yai hilo analila mtoto wako. Kila dawa ya aina hiyo ina siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai, na zimeandikwa kwenye pakiti kwa herufi ndogo ambazo muuzaji hakusomei. Bakteria wanaobaki bandani wanajifunza kuizoea. Siku mtu wa nyumbani kwako atakapougua kweli, kwa bakteria waleule, dawa huenda isimsaidie. Tunauita usugu wa dawa, na watu wanadhani ni habari ya hospitali kubwa. Unaanzia kwenye beseni kama la Mzee, kwa kijiko kimoja cha unga wa njano kilichotiwa bila sababu.

Kuhusu sumu kwenye uwele, naomba usirudie hata kuyazungumza mbele ya watoto. Sumu haijui mnana wala kuku. Tetere akifa juu ya paa, paka anamla, au mwewe, au bundi aliyekuwa akikulia panya bure usiku kucha. Mtoto wa jirani anaokota ndege ambaye bado anapapatika, halafu anakula embe kwa mkono uleule. Ndege hawa pia ni wanyamapori, na wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Najua wengine watanijibu kwamba hata serikali hupuliza sumu kuua kwelea kwelea. Hiyo ni kazi ya ndege za kunyunyizia, kwenye mazalia ya makundi ya maelfu kwa maelfu yanayokomba mashamba ya mtama na uwele. Mnana sita chini ya mwarobaini si kwelea kwelea. Mnana huyohuyo anayekula punje za Mzee anawalisha makinda wake wadudu, wakiwemo viwavi wa mchicha wako.

Ningekuwa wewe, ningehangaika na huo uwele wenyewe. Je, ni mzima? Watu wengi hutupia ndege na kuku nafaka iliyovunda, kwamba ni ya kutupa. Wanasahau tulichokiona mwaka 2016, sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka) ilipoua watu hapahapa Dodoma na Manyara. Ndege ndio waliotufundisha sumu hiyo ipo: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yenye ukungu, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumukuvu. Uwele ukinuka uvundo, au ukiwa na vumbi la kijani, ufukie. Mzee arushe ule ambao wewe mwenyewe ungeupikia ugali, konzi moja asubuhi, uliobaki ufagiliwe kabla ya jioni ili panya wasizoee.

Beseni liwe la kina kifupi, maji yasizidi vidole viwili, na jiwe moja katikati la kutua. Maji yamwagwe kila siku na beseni lisuguliwe kwa brashi, mara mbili tatu kwa wiki lianikwe juani likauke kabisa. Lisikae karibu na kichaka. Hatua tatu au nne za uwazi zinamnyima paka maficho. Mkimwona tetere amejikunyata, manyoya yametutumka, anashindwa kumeza, ondoeni beseni na uwele kwa wiki mbili watawanyike. Kuna ugonjwa wa koo wa njiwa unaoenezwa kwa maji ya pamoja, na huo unastahili hofu kuliko hicho kideri mnachowasingizia.

Kazi hiyo ya kusugua, kama mkono mmoja wa Mzee una nguvu, mwachieni yeye.

Na daftari lake lisikome. Miezi hii ya kiangazi Dodoma imekauka, na maji ya beseni ni mali kubwa. Anaweza kuona wale wadogo wa samawati wenye doa jekundu shavuni. Mwenye doa ni dume, asiye nalo ni jike au bado mchanga, kwa hiyo aandike wangapi kwa wangapi. Kuzumburu wenye mikia mirefu watakuja kwa kundi na kuning'inia matawini. Mvua zikianza, mnana dume atasuka kiota kibichi na kunyonyoa majani ya tawi lake. Asikasirike kwamba mti unaharibiwa. Jike atakuja kukikagua, na asipokipenda, dume atakifumua na kuanza upya. Viota vingi mnavyovikuta chini vilikataliwa tu, hakuna kinda aliyeuawa.

Huyo ndege wa buluu aliyemuulizia Mzee ni kwenzi. Kama Mzee anaona vizuri, atazame kifuani: kati ya buluu na ile rangi ya kutu pana mstari mwembamba mweupe. Kisha atazame jicho. Mkubwa ana jicho jeupe kama maziwa. Kinda jicho lake ni la giza, na ule mstari mweupe hauonekani vizuri au haupo kabisa. Kwenzi hawa hulea kwa kushirikiana, si baba na mama peke yao. Akimwona kinda anapanua mdomo, asimwondolee macho, ahesabu ni wakubwa wangapi wanamletea chakula, na aandike hiyo namba. Ukija kuchukua chanjo, njoo na daftari nilione.