Swali la muda ni la nani?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii jarida limewauliza wasomaji: je, mgonjwa ambaye saratani yake imekwisha kusambaa aambiwe ukweli wote, au afichwe sehemu yake ili asikate tamaa? Kaka yangu mkubwa aliugua saratani ya utumbo mpana iliyogunduliwa ikiwa katika hatua ya nne, yaani imekwisha kufika viungo vingine, na jibu langu la kwanza lilikuja bila kusita: aambiwe yote, tena aambiwe yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwili ni wake. Ndugu wanaomwomba daktari awape wao matokeo faraghani, huku mgonjwa akiaminishwa kuwa ana vidonda vya tumbo, humnyang'anya nafasi ya kuamua mambo ambayo hakuna mwingine awezaye kumwamulia, hata kama wanafanya hivyo kwa upendo.

Hata hivyo, katika familia yetu hakuna aliyependekeza kumficha. Kilichotushinda ni jambo lililo jirani na swali lenu, ambalo sioni likizungumzwa: mgonjwa akishajua anaumwa nini, ni nani mwenye haki ya kuuliza yaliyobaki, na wakati gani?

Siku ya majibu tuliingia kwa daktari tukiwa wanne: kaka, mkewe, mdogo wetu wa mwisho na mimi. Kabla ya kusema lolote, daktari alimwomba kaka aeleze anachokijua mpaka hapo, kisha akamuuliza angependa kuelezwa kwa kiasi gani, na kama anaridhia sisi tusikie. Kaka alijibu kwamba anataka kuujua ugonjwa ulivyo na kwamba sisi tubaki. Daktari akasema kuwa kinyama kilichokatwa wakati wa kipimo cha kamera inayoingizwa kwenye utumbo kimethibitisha saratani, na kuwa picha za CT zimeonyesha madoa kwenye pande zote mbili za ini. Kaka akauliza kwa nini iwe ini, wakati maumivu yake yote yalikuwa chini ya tumbo. Akaelezwa kwamba damu inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kurudi kwenye moyo, kwa hiyo seli zinazochomoka kwenye uvimbe hukwama huko kabla ya kufika kwingine. Akaelezwa pia kwamba madoa yale si saratani ya ini bali ni saratani ileile ya utumbo iliyohamia pale, ndiyo maana dawa huchaguliwa kwa kufuata mahali ugonjwa ulikoanzia. Kaka alisikiliza kama fundi anayeelezwa mashine ambayo hajawahi kuifungua, akirudia maneno machache ili ahakikishe ameyashika.

Ndipo mdogo wetu akauliza, kwa sauti iliyokuwa imeanza kukatika, "Daktari, ana muda gani?"

Daktari hakumjibu, alimtazama kaka. Kaka akasema, bila hasira yoyote, "Mdogo wangu, swali hilo ni langu, na mimi sijaliuliza."

Kisha akaendelea na maswali yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Alitaka kujua kama atapasuliwa na kuwekewa mfuko wa choo ubavuni, na daktari akasema kuwa haitalazimu kwa sasa, labda utumbo ukianza kuziba. Aliuliza kuhusu tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, akaambiwa kuwa dawa mojawapo, oksaliplatini, ingemfanya ahisi vidole vikimchomachoma kila akigusa kitu cha baridi, na kwamba ganzi hiyo huweza kubaki muda mrefu baada ya matibabu. Aliuliza kama ataweza kuendelea na kazi. Kila swali lilijibiwa kikamilifu. Tulipotoka, mdogo wetu alikuwa analia, akisema amenyamazishwa mbele ya mgeni kama mtoto. Wifi yangu hakulia. Alisema kwa taratibu, "Na mimi? Mimi ninayebaki na watoto, swali langu nitalipeleka wapi?"

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyofikiria ugonjwa wenyewe. Kwa muda mrefu nilisimama upande wa mdogo wetu. Niliamini kuwa aliuliza kile ambacho sote tulitaka kukijua, na kwamba kaka alikuwa anaukimbia ukweli. Sasa najiuliza daktari angemjibu nini. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa kati ya watu 100 wanaogunduliwa saratani ya utumbo mpana ikiwa imekwisha kufika viungo vya mbali, takriban 15 huwa hai baada ya miaka 5. Tarakimu hiyo hupatikana kwa kuwafuatilia watu waliogunduliwa miaka ya nyuma, na ndani yake wamechanganywa wazee wenye maradhi mengine, watu ambao madoa yao ya ini yaliweza kukatwa kwa upasuaji, na wale wachache ambao vinasaba vya uvimbe wao huufanya uitikie vizuri tiba ya kuamsha kinga. Siku ile majibu ya vinasaba vya uvimbe wa kaka yalikuwa hayajarudi. Angepewa tarakimu isiyomhusu sawasawa, akaibeba hadi nyumbani, na sisi tukaanza kumtazama kwa jicho la kuhesabu.

Hata hivyo sitaki kusemwa kuwa natetea ukimya, kwa sababu kuna utafiti unaonitia hofu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwahoji wagonjwa 1,193 wa saratani za mapafu na za utumbo mpana zilizokuwa zimesambaa, ambao walikuwa wamepewa tibakemikali. Kati ya wale wa utumbo mpana, asilimia 81 hawakuonyesha kuelewa kwamba haikuelekea kabisa dawa hizo kuwaponya. Lililonishtua zaidi ni kwamba waliosifu mazungumzo yao na daktari ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuelewa vibaya. Mtu hawezi kusemekana kuwa ameridhia matibabu yanayomchosha na kumtapisha ikiwa anadhani yatamponya. Kwa hiyo naona kwamba lengo la tiba, iwe ni kuponya au ni kurefusha maisha na kupunguza maumivu, lazima litamkwe waziwazi kabla ya dripu ya kwanza, hata kama mgonjwa hajaliuliza. Muda ni jambo jingine.

Kwetu ufumbuzi ulitoka kwa kaka mwenyewe. Katika miadi iliyofuata alimwambia daktari kuwa mke wake ajibiwe lolote atakalouliza, akiwa peke yake, na kwamba asilazimike kumsimulia yeye. Wifi aliuliza, akapanga mambo ya ada na ya nyumba kwa kadiri alivyoelezwa, na hakutuambia sisi. Miezi kadhaa baadaye picha zilipoonyesha kuwa madoa yameanza kukua tena licha ya dawa, kaka aliuliza mwenyewe. Alijibiwa kuwa ni miezi, haielekei kufika mwaka. Aliacha tibakemikali, akahamia kwenye tiba shufaa, ile ya kutuliza maumivu bila kulenga kuponya, akapata mofini ya maji iliyomwezesha kulala, na akatumia muda uliobaki kwa mambo aliyoyachagua yeye. Amekwisha kufariki. Sidhani kama angepata siku zaidi kwa kuambiwa mapema, ingawa nakiri kuwa siwezi kulithibitisha hilo.

Kwa hiyo, nikiulizwa leo, sitajibu tena kwamba mgonjwa aambiwe yote. Naona aulizwe kwanza anataka kujua nini, aulizwe tena na tena kwa kuwa jibu hubadilika, na asilazimishwe kubeba tarakimu ambayo hajaiomba. Mwenzi wake apewe mlango wake mwenyewe wa kuuliza, kwa ridhaa ya mgonjwa. Iwapo mgonjwa atakataa kutoa ridhaa hiyo, sijui ningesemaje. Nadhani ningemheshimu, na nadhani ningemwonea uchungu mkewe.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo sikubali libaki mikononi mwa mgonjwa peke yake. Saratani hii huanza mara nyingi kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, ambacho huchukua miaka kugeuka saratani, na ambacho kikionekana kwenye kipimo cha kamera huondolewa palepale. Miongozo ya Marekani humshauri mtu ambaye mzazi, ndugu au mtoto wake amepata ugonjwa huu aanze kupimwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao jamaa huyo aligunduliwa, kutegemea lipi linatangulia. Ndugu na watoto hawawezi kufuata ushauri huo ikiwa mgonjwa ameficha jina la ugonjwa wake. Hapo nasema waambiwe, hata kama yeye hataki, na naona wazi kuwa msimamo huo haupatani kikamilifu na yote niliyoyaandika hapo juu.