Maswali yenu kuhusu enthalpi

Mwalimu, enthalpi si ni joto tu lililopewa jina gumu? (Mwanafunzi wa Kidato cha Tano)

Zinakaribiana, ila si kitu kimoja. Enthalpi ni nishati iliyomo ndani ya dutu, ukijumlisha na ile inayotokana na dutu kushika nafasi yake huku hewa ikiikandamiza. Tunachopima ni badiliko lake. Chombo kikiwa wazi, kanieneo haibadiliki, na hapo badiliko la enthalpi hulingana na joto lililoingia au kutoka. Joto likitoka, tunaandika alama ya hasi.

Kitabu cha biolojia kinasema kuvunja bondi (kiungo kati ya atomi) ya ATP, molekuli inayobeba nishati mwilini, kunatoa nishati. Wewe unasema kuvunja bondi kunakula nishati. Nimfuate nani?

Swali hili limenifurahisha, maana kosa hilo limewakosesha wengi alama. Kuvunja bondi hula nishati, siku zote. Nishati hutoka pale bondi mpya zinapoundwa. Chukua haidrojeni na klorini: kuvunja moli moja (kipimo cha wakemia cha kuhesabu molekuli) ya H–H kunataka kilojuli 436, na Cl–Cl kilojuli 242, jumla 678. Kisha zinaundwa bondi mbili za H–Cl, kila moja ikitoa 431, yaani 862. Toa 862 kwenye 678, unapata hasi 184. Hata ATP ni hivyo: inapomenyuka na maji, kinachoundwa ni imara kuliko kilichovunjwa, na tofauti hiyo ndiyo mwili unayoitumia.

Mimi ni fundi, nakarabati nyumba za zamani huku pwani. Chokaa tunaichoma kwa kuni nyingi, halafu tukiimwagia maji inachemka yenyewe. Je, ule moto wote unarudi?

Ule uliomezwa na jiwe lilipogeuka chokaa unarudi, fundi, ila si wote siku hiyo. Matumbawe, lile jiwe la pwani mnalochoma kupata chokaa, kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Kila gramu 100 zake zinapoungua kwenye tanuu hadi zibaki gramu 56 za chokaa, humeza kilojuli 178, ukiacha joto la kulipasha jiwe lenyewe na lile linalopotea hewani. Ukimwaga maji, gramu hizo 56 hurudisha kilojuli 65 kwa kishindo. Ndiyo sababu inachemka, na ndiyo sababu nakuomba ukinge macho kila mara unapoizima.

Zimebaki 113. Hizo zinatoka ukutani, polepole, kwa miezi na miaka, kadiri lipu inavyovuta kaboni dioksidi ya hewani na kugeuka tena kuwa kaboneti. Maji uliyomwaga nayo yanaachiwa. Hakuna anayehisi joto hilo, kwa kuwa linatoka kidogo kidogo, lakini hesabu haipungui: 178 toa 65 toa 113 ni sifuri. Jiwe limezunguka likarudi jiwe.

Germain Hess, mkemia mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi Urusi, aliitangaza kanuni hii mwaka 1840: badiliko la enthalpi hutegemea ulipoanzia na ulipoishia, haijalishi umepita njia gani. Kwa kanuni hiyo, hatua usiyoweza kuipima unaipata kwa kutoa zile ulizozipima. Zile 113 za ukuta wako huhitaji kuzisubiri miaka na kipimajoto mkononi. Ukishajua za tanuu na za maji, unazo.